Kariakoo: Jina la Wapagazi

Jina la Kariakoo, ambalo leo huashiria maduka ya jumla na mikokoteni ya Dar es Salaam, linatokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, ambao waliwekwa kambini katika eneo hilo baada ya mji kutekwa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Wazungumzaji walilipokea jina hilo kwa sikio, si kwa maandishi, ndiyo maana herufi za mwisho, ambazo Waingereza wenyewe hawazitamki, hazikuacha alama yoyote. Wapagazi, waliobebeshwa chakula na risasi mahali ambapo mbung'o waliua wanyama wa mizigo, walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi, na ni haki jina lao lidumu hapo, kama linavyodumu Kariokor ya Nairobi.

Mtaa wenyewe umebadilika mno. Nyumba za Kiswahili, ambazo kwa kawaida zilikuwa na ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kwa ajili ya kupikia, na baraza mbele ambapo wazee walicheza bao, zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake pamejengwa ghorofa ambazo sehemu yake ya chini hugawanywa kuwa fremu, yaani vyumba vya duka vya kupangisha. Hasara kubwa zaidi ni ya baraza, kwa kuwa fremu humpokea mnunuzi lakini haimpi jirani mahali pa kuketi.