Kikohozi cha Usiku: Mzazi na Kinasa Sauti

Katika kliniki za kifua za watoto, jibu la swali "usiku anakohoa?" huamua mengi: kuongeza dozi, kuanzisha antibiotiki, hata kumlaza mtoto. Swali lenyewe ni la msingi. Usingizi hufifisha hamu ya mwili kukohoa. Munyard na Bush, walioandika Uingereza mwaka 1996, walikuta watoto wenye afya wakikohoa wastani wa mara 11 hivi kwa saa 24, nyingi zikiwa za mchana. Kwa hiyo kikohozi kinachomwamsha mtoto mwenye pumu au bronkiektasia (njia za hewa zilizotanuka kwa kudumu) hakifai kupuuzwa. Shida iko kwa shahidi, yaani mzazi. Mwaka 1993 Falconer na wenzake walilinganisha maelezo ya kikohozi cha usiku cha watoto wenye pumu na sauti zilizorekodiwa, wakaona havipatani. Hilo si kosa la mzazi: naye alikuwa amelala, na anachokumbuka ni pale usingizi ulipomkatikia.

Ndiyo maana natetea kinasa sauti nyumbani, lakini kwa kazi moja: kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Idadi ya vikohozi vya usiku mmoja haisemi mengi, maana watoto hutofautiana sana. Ikirekodiwa siku za nafuu, kisha ikaonekana kupanda usiku baada ya usiku, hapo daktari ana la kushika, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye hawezi bado kupuliza spirometa, kifaa cha kupima pumzi, ipasavyo. Na spirometa yenyewe haioni yote. Jaribio la BREATHE lililofanyika Harare na Blantyre, na kuchapishwa mwaka 2020, liliwapa watoto na vijana wenye VVU na ugonjwa sugu wa mapafu antibiotiki ya azithromaisini kila wiki. Kipimo cha pumzi hakikuboreka, ila vipindi vya kuzidiwa vilipungua. Nafuu ya namna hiyo hutafutwa nyumbani, katika maisha ya kila siku ya mgonjwa. Huko mzazi bado anahitajika, kwani kinasa hakijui kwamba jana mvua ilinyesha na jiko la mkaa likaingizwa ndani.

Kuna pingamizi zito: watoto watatu wakilala chini ya chandarua kimoja, kinasa kilichowekwa mezani kitahesabu kikohozi cha nani? Ni kweli, na kwa nyumba hizo kifaa kinachobandikwa kifuani na kuhisi mtikisiko kinafaa zaidi. Lakini hali hiyohiyo inatuonya tusiyabebe matokeo ya 1993 kama yalivyo, kwa kuwa mama anayelala kitanda kimoja na mwanawe husikia asichosikia mama wa chumba cha pili. Wengine wanahofia faragha, na wana haki: chumba cha kulala kina maneno yasiyomhusu daktari. Basi hesabu ifanyike ndani ya kifaa, sauti zifutwe kabla ya asubuhi, na kliniki ipelekewe namba tu, kwa ridhaa ya wote wanaolala chumbani humo.