Namba za Pembeni mwa Grafu

William Playfair alipochapisha atlasi yake ya biashara yenye grafu huko London mwaka 1786, kila namba ya mhimili ilichongwa kwa mkono kwenye bamba la shaba. Kompyuta haina jicho la mchongaji. Ilibidi ipewe kanuni.

Gnuplot, programu ya kuchora grafu iliyoanzishwa mwaka 1986 na Thomas Williams na Colin Kelley, iliazima mtindo wa kuandika namba wa lugha ya programu ya C. Ukiandika set format y "%.2f", nusu husomeka 0.50 na robo 0.25, desimali mbili kwa kila namba. Mwaka 1990 Paul Heckbert alichapisha kanuni fupi ya kuchagua namba nyepesi kusoma: hatua iwe 1, 2 au 5, ikizidishwa kwa kipeo cha 10. Hivyo grafu huonyesha 0, 20, 40, wala si 0, 17.3, 34.6.

Kisha mwaka 2003 ikaja Matplotlib, programu nyingine ya kuchora grafu, ya John Hunter, mtafiti wa ubongo kutoka Marekani. Humo kazi zimegawanywa vizuri: sehemu moja hupanga alama zikae wapi, nyingine huamua ziandikwe vipi. Kwa hiyo mtafiti anaweza kugeuza 5000000 isomeke "milioni 5" bila kugusa data yenyewe.