Bega Linaloteguka Kila Mara: Je, Lipasuliwe?

Leo tutazungumza kuhusu bega linalotoka mahali pake mara kwa mara, na jinsi ya kuamua kama lifanyiwe upasuaji.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja kliniki na mwanawe wa kidato cha tatu. Kijana huyo alianguka akicheza mpira, bega likateguka, likarudishwa hospitalini. Baada ya miezi michache likatoka tena akirusha mpira. Mara ya tatu alikuwa akivaa sweta tu. Daktari alipendekeza upasuaji, lakini mama akaogopa. Aliniambia hivi: "Sista, shemeji yangu alipasuliwa bega zamani. Ni kweli halitoki tena, lakini hata kuweka mkono nyuma ya kichwa hawezi. Mtoto wangu naye awe hivyo?"

Mpendwa msikilizaji, hofu ya mama huyu haikuwa ya bure. Ili tuijibu, yafaa turudi nyuma tuone jinsi madaktari walivyohangaika na bega hili. Wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia.

Kwanza tulijue bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho hukaa kwenye kibakuli kidogo kisicho na kina, kama chungwa juu ya kisahani cha chai. Ndiyo maana tunaweza kuzungusha mkono kila upande, na ndiyo maana bega huteguka kwa urahisi. Kinacholishikilia ni ukingo wa gegedu unaozunguka kibakuli hicho, pamoja na kano na misuli.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, maandishi ya Hippocrates wa Ugiriki yalieleza jinsi ya kurudisha bega: mgonjwa alale chali, tabibu aweke kisigino kwapani, kisha auvute mkono. Kwa wale ambao bega lilitoka kila mara, kwapa lilichomwa kwa chuma cha moto ili kovu likaze na kuziba nafasi ambayo mfupa ulikuwa ukipitia. Matibabu hayo yalikuwa makali, lakini watu wale walikwisha kutambua jambo la kweli: kulirudisha bega ni kazi moja, na kulizuia lisitoke tena ni kazi nyingine.

Miaka mingi ilipita kabla ya kujulikana ni kitu gani hasa kimeharibika ndani. Mwaka wa 1906 Georg Perthes wa Ujerumani, na mwaka wa 1923 Bankart wa London, walieleza kwamba bega linapotolewa kwa nguvu, ule ukingo wa gegedu hubanduka kutoka kwenye mfupa. Dawa yake, walisema, ni kuushona urudi mahali pake.

Lakini wapasuaji wengi walifuata njia nyingine. Harry Platt wa Uingereza aliitumia mwaka wa 1925, na baada ya kuelezwa kwa maandishi mwaka wa 1948 ilienea sana. Hapa daktari hakushona kilichochanika peke yake, bali alikunja na kufupisha msuli na utando wa mbele ya bega ili vikaze. Mabega mengi yaliacha kutoka. Hata hivyo mkono haukuweza tena kugeuka nje vizuri, na wengine walipata ugonjwa wa viungo miaka mingi baadaye kwa sababu bega lilikazwa kupita kiasi. Huenda shemeji ya yule mama alipasuliwa kwa njia hii.

Kuna pia mabega ambayo mfupa wa kibakuli umelika au kuvunjika mbele. Mwaka wa 1954 Latarjet wa Ufaransa alieleza jinsi ya kuhamisha kipande cha mfupa na kukifunga mbele ya kibakuli kiwe kizuizi. Mwaka wa 1958 Helfet wa Cape Town, hapa Afrika, alieleza njia inayofanana nayo. Njia ya Latarjet ingali inatumika.

Tena ikaonekana kwamba si kila bega legevu limeumizwa. Mwaka wa 1980 Neer na Foster wa Marekani waliandika juu ya watu ambao bega lao limelegea pande zote. Ukilikaza upande mmoja, laweza kutorokea upande mwingine. Mwaka wa 1992 Burkhead na Rockwood, wa huko huko Marekani, walitoa matokeo ya mazoezi ya misuli. Katika mabega yaliyolegea bila kuumia, 80 kati ya 100 yalipata nafuu nzuri. Katika yale yaliyolegea baada ya kuumia, ni 16 tu kati ya 100.

Na je, bega likitoka mara ya kwanza, kijana apasuliwe papo hapo? Huko Uswidi, Hovelius na wenzake waliwafuata wagonjwa kwa miaka 25 na kutoa matokeo mwaka wa 2008. Kati ya waliokuwa na umri wa miaka 12 hadi 25 na ambao hawakupasuliwa, karibu nusu mabega yao hayakutoka tena, au yalitulia yenyewe baadaye. Kwa hivyo kungoja si uzembe. Lakini nusu nyingine iliendelea kusumbuka.

Mama, kutokana na historia hii, nenda kwa daktari na maswali haya:

1. Bega lilianza kutoka kwa kuumia, au lililegea lenyewe? Kama lililegea lenyewe, mazoezi ya fiziotherapia yatangulie, nayo yafanywe kwa miezi, si kwa wiki moja.
2. Limetoka mara ngapi, na linamzuia kufanya nini?
3. Picha zinaonyesha mfupa umelika?
4. Je, ana kifafa? Degedege huweza kulitegua bega. Kifafa kisipodhibitiwa kwa dawa, upasuaji unaweza kuharibika.
5. Ni upasuaji wa aina gani, na mkono utageuka kiasi gani baadaye?
6. Gharama ni kiasi gani, na bima italipa sehemu gani?

Siku hizi ukingo uliobanduka hushonwa mara nyingi kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera, ingawa si kila hospitali ina vifaa hivyo. Baada ya hapo mkono hufungwa kwa wiki kadhaa, kisha mazoezi. Kurudi uwanjani huchukua miezi minne hadi sita, au zaidi.

Jambo moja usilisahau. Bega likitoka nyumbani au shuleni, usiruhusu mtu yeyote alivute, hata akiwa fundi wa mifupa anayesifiwa kijijini. Mfupa unaweza kuwa umevunjika, na mishipa iko karibu. Ufunge mkono kwa leso jinsi ulivyo, umkimbize hospitalini. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, usikawie hata kidogo.

Yule mama alirudi kwa daktari akauliza. Akaelezwa kwamba mwanawe atashonewa ukingo uliobanduka, wala hatakazwa bega kama shemeji yake. Wakakubaliana, yeye na kijana, afanyiwe likizo ya Disemba. Huo ulikuwa uamuzi wao. Wako unaweza kuwa tofauti, mradi uufanye ukiwa umeuliza na kujibiwa.

Mimi ni muuguzi wenu. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.