Umeme Bila Waya: Historia kutoka Arua na Koboko

Matangazo ya simu siku hizi yanasifu "kuchaji bila waya". Sisi tunaofundisha Kiswahili hatuna budi kuuliza: bila waya upi? Swali hilo lina historia, na tunaona kwamba katika Uganda eneo la West Nile linaweza kulijibu vizuri kuliko mahali pengi.

Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954. Gridi ya taifa ilienea kusini, mashariki, na hata kaskazini hadi Lira na Gulu, lakini haikuvuka Nile kufika Arua wala Koboko. Arua iliishi kwa jenereta. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECO ilipewa jukumu la kusambaza umeme, ikaleta mtambo wa megawati 1.5 unaotumia mafuta mazito. Mwaka 2012 ukafuata mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, Zombo, wa megawati 3.5. Mgao wa umeme haukuisha. Waya wa gridi, wa msongo wa kilovolti 132, uliwafikia watu wa Arua mwaka 2024, yaani miaka 70 baada ya Jinja.

Katika miaka hiyo yote umeme ulikuwapo, ila ulibebwa. Kwanza mawe ya redio na ya tochi, yaliyoanikwa juani yakiishiwa nguvu ili redio iimbe siku moja zaidi (sote tuliokulia vijijini tunakumbuka). Kisha betri ya gari, iliyofungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa kwa mwenye jenereta. Simu za mkononi zilipoenea likazuka banda la kuchaji: paneli ya sola juu ya bati, rundo la chaja ndani, kila simu na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Mwalimu aliyetaka kupiga simu jioni aliiacha asubuhi, akalipa, akarudi kuichukua. Miguu yake ndiyo iliyokuwa waya.

Sayansi ya jambo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha, London, kwamba mkondo unaobadilika katika koili moja huamsha mkondo katika koili ya pili isiyoungana nayo. Kinachovuka ni nguvu ya sumaku. Transfoma iliyo juu ya nguzo hufanya kazi hivyo hivyo. Basi hata umeme wa gridi unaofika Arua umeruka pengo mara kadhaa njiani. Nikola Tesla alitaka kuruka pengo kubwa zaidi: mwaka 1901 alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe, karibu na New York, fedha zikamwishia, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Mwaka 2007 watafiti wa MIT, Marekani, waliwasha balbu ya wati 60 kutoka umbali wa mita 2 hivi, lakini zaidi ya nusu ya nguvu ilipotea. Kibao cha kuchajia simu cha leo hakijaribu umbali huo. Simu hulazwa juu yake, koili kwa koili, milimita chache tu.

Na kibao chenyewe kina waya unaokwenda ukutani. Umeme ukikatika Koboko, hunyamaza sawa na chaja nyingine yoyote. Paneli ya banda la sokoni, kwa upande wake, hupokea nguvu iliyosafiri kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua bila waya hata mmoja.

Ndiyo maana darasani hatupendi "bila waya" itumike ovyo kwa vyote viwili. Wazee walipopata mawasiliano ya redio walisema "simu ya upepo". Hawakutaja kilichokosekana, walitaja walichodhani kinabeba ujumbe. Kwa mfano huo tunapendelea "kuchaji kwa sumaku". Baadhi ya wenzetu wanasema neno la matangazo limekwisha shika mizizi na kwamba tumechelewa. Huenda. Hata hivyo tungependa wanafunzi wanaotoka Arua na Koboko watuletee maneno yaliyotumika kwenye mabanda hayo, kabla mabanda hayajafungwa.