Ngozi ya Simba na Barakoa ya Shujaa: Umwagaji Damu katika Katuni za Mashujaa kwa Mwanga wa Mauaji ya Singida, 1946–1947

Katika miaka ya 1946 na 1947 wilaya ya Singida, iliyokuwa ndani ya Jimbo la Kati la Tanganyika, ilikumbwa na mauaji ambayo kwa mtazamo wa kwanza yalionekana kuwa kazi ya wanyama. Maiti zilikutwa na majeraha yanayofanana na ya makucha, na jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja: simba. Uchunguzi wa serikali ya Waingereza ulifikia hitimisho jingine. Wengi wa marehemu waliuawa na binadamu, na majeraha yalitengenezwa ili yasemwe kuwa ya mnyama. Watuhumiwa walifikishwa mahakamani na baadhi yao wakanyongwa. Wauaji hao wameingia katika maandishi ya historia kwa jina la watu-simba.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo, kusini mwa nchi, Njombe ilikuwa na msiba uliopinduka. Huko simba halisi walikuwa wakila watu, mpaka George Rushby wa idara ya wanyamapori alipotumwa kuwawinda, lakini wakazi wengi waliamini kwamba nyuma ya simba hao kulikuwa na mchawi. Njombe mnyama alidhaniwa kuwa mtu. Singida mtu alijificha ndani ya mnyama. Katika sehemu zote mbili swali la msingi lilikuwa ni nani aliyemo ndani ya ngozi. Insha hii inashikilia kwamba swali hilo ndilo kipimo kinachofaa kuhukumia ukatili na giza la katuni za kisasa za mashujaa, kuliko kupima wingi wa damu iliyochorwa.

Katuni zilimfahamu mtu aliyevaa ngozi mapema sana. Mbelgiji Hergé, katika safari ya Tintin nchini Kongo iliyochapishwa kwa mfululizo mwaka 1930 na 1931, alimchora mtu-chui wa kundi la Aniota, kwa kuiga sanamu iliyokuwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Kwa msomaji mtoto wa Brussels, mtu-chui yule alikuwa kitisho cha kuchekesha. Hakuulizwa alimwua nani, kwa amri ya nani, wala kwa malipo gani. Ngozi ilitosha kuwa maelezo yote.

Nchini Marekani mjadala ulichukua sura ya kimaadili. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinaharibu vijana, na mwaka huohuo wachapishaji wakajitungia kanuni za kujichuja. Damu ya kupindukia ilipigwa marufuku, na mhalifu alitakiwa kushindwa kila mara. Kanuni hizo zilipunguza damu, lakini hazikugusa jambo zito zaidi: mtu anayeficha uso wake, asiyechaguliwa na yeyote, anayepiga watu usiku na kuitwa mwema. Chini ya kanuni hizo jambo hilo lilionekana la kawaida kabisa.

Zililegezwa mwaka 1971. Miaka miwili baadaye mtungaji Don McGregor alianza mfululizo wa Black Panther uliomrudisha mfalme T'Challa katika nchi yake ya kubuni, Wakanda. Hapa tena kuna mtu ndani ya ngozi ya mnyama, ila sasa ndiye shujaa, na mwili wake unaumia. Anachanwa, anaungua, anatundikwa, na majeraha ya toleo moja hayasahauliki katika toleo linalofuata. Ukatili huo una kazi. Unamwonyesha mtawala aliyeiacha nchi yake ikiwaka moto na sasa analipa kwa nyama yake mwenyewe.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1986. Frank Miller alimrudisha Batman akiwa mzee wa miaka 55, huku sauti za televisheni zikibishana kama ni mkombozi au mhalifu. Alan Moore na Dave Gibbons walianza Watchmen kwa mauaji na tone la damu juu ya beji ya manjano yenye uso unaocheka. Katika hadithi hiyo sheria ya mwaka 1977 inawapiga marufuku wavaa barakoa, na mmoja wao, Rorschach, anakataa kutii, akiiona barakoa kuwa ndio uso wake halisi. Kilichofanya kazi hizi ziwe na giza ni kwamba zilimvua shujaa na kumtaka ajieleze. Damu ilikuwa nyongeza.

Waigaji wengi wa miaka ya 1990 walichukua nyongeza wakaacha kiini. Mfano unaojulikana ni wa mwaka 1994: mpenzi wa Green Lantern anauawa na maiti yake inasukumizwa ndani ya jokofu, ili tu shujaa apate hasira ya kusonga mbele. Mwaka 1999 Gail Simone alikusanya orodha ya wahusika wa kike waliouawa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu katika katuni za mashujaa, na orodha ilikuwa ndefu. Ukatili wa namna hii unastahili lawama hata pale unapochorwa kwa tone moja tu la damu, kwa sababu marehemu hana maisha nje ya kifo chake.

Hata hivyo, maandishi juu ya Singida hayawezi kujitenga na lawama hiyo. Yamewashughulikia wauaji kuliko waliouawa. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyarudia mauaji hayo katika makala ya mwaka 1962, na baadaye akayahusisha na mgogoro kati ya wanaume na wanawake. Tafsiri yake ina uzito kwa kuwa inamtoa simba jukwaani na kurudisha watu wenye chuki, mali na ujirani. Lakini anayetaka kumjua marehemu mmoja tu, alilima nini na alikuwa anatoka wapi jioni ile, hupata kidogo mno.

Suala la mlinzi asiye wa serikali nalo si la vitabuni peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mikoa ya Shinyanga na Tabora inayopakana na Singida, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa mifugo waliunda sungusungu, wakajilinda kwa pinde na mishale. Walisifiwa kwa kurudisha ng'ombe, wakalaumiwa kwa kuadhibu bila hukumu. Dola la kubuni la Watchmen liliwapiga marufuku watu kama hao. Dola ya Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1989, iliwatambua na kuwapa mamlaka ya kukamata. Tofauti yao na Batman ni kubwa. Sungusungu alijulikana kijijini kwa jina lake na la baba yake, na aliyepigwa kwa uonevu alijua mlango wa kwenda kulalamikia, hata kama haukufunguliwa.

Katuni za Kiswahili, kuanzia jarida la Sani lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, zilijenga umaarufu wake kwa akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, walaghai wasiofichwa na barakoa yoyote. Mchoraji atakayetaka kuyachora mauaji ya Singida hatapata msaada mkubwa kwao, wala kwa Batman. Kucha juu ya shingo ni rahisi kuchora. Kazi ngumu ni picha inayotangulia: watu wawili wameketi kivulini, hakuna aliyevaa ngozi, wanapatana bei.