Mbung'o kwenye Simu

Ndani ya boti ya kwenda Mwamgongo kijana mmoja alinisogezea simu yake. "Kaka, huyu si mbung'o?" Picha ilikuwa na ukungu, lakini mabawa yalionekana yamelaliana kama mkasi uliofungwa. Nzi wa nyumbani huyaacha wazi kidogo. Ndiye.

Swali lake ni la zamani. Mwaka 1857, miaka 14 kabla Stanley hajamkuta Ujiji, Livingstone alitoa kitabu cha safari zake chenye mchoro wa mbung'o kwenye ukurasa wa jina. Alimwona adui wa ng'ombe. Binadamu, aliandika, hadhuriki. Alikosea. Mwaka 1903 David Bruce, akiwa Uganda, alionesha kuwa mdudu huyu ndiye anayeeneza malale. Miaka michache baadaye Wajerumani wakafyekesha vichaka vya mwambao wetu, na wagonjwa wakapelekwa kambini kudungwa Atoxyl, dawa ya arseniki iliyoweza kupofusha.

Kwa nini mwambao? Kwa sababu wapo mbung'o wapenda kivuli cha majini, na wapo wa miombo. Kumkosea mmoja ni kufyeka msitu usiohusika. Na mabawa hayatoshi kuwatenganisha. Tazama nyayo za miguu ya nyuma: wa majini huwa nyeusi zote, wa miombo weusi uko kwenye vipingili viwili vya mwisho tu.

Nikamwomba ampige tena, ubavuni, miguu ionekane.

"Huyo? Nilishamtwanga ndala."