Mawese Kizimbani: Filamu za Chakula na Sahani ya Rumonge

Filamu za hali halisi zinazohusu chakula na afya zina desturi moja: kila moja huja na mshitakiwa wake. Mwaka 2004 alikuwa chakula cha haraka, pale Mmarekani Morgan Spurlock alipokula McDonald's kwa siku 30 mfululizo mbele ya kamera na kunenepa takriban kilo 11 katika Super Size Me. Mwaka 2014 ikafika zamu ya sukari katika That Sugar Film ya Damon Gameau wa Australia, na mwaka 2017 What the Health ikayashitaki nyama, maziwa na mayai. Mawese nayo hayakusalimika. Mara yameshitakiwa kwa kuangamiza misitu ya Indonesia, kama katika Green ya Patrick Rouxel ya mwaka 2009, mara kwa kuziba mishipa ya moyo. Sasa chukua pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge kushuka Nyanza-Lac hadi Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko mawese ni mafuta ya kupikia, ni kitega uchumi, na ni sabuni. Mtazamaji wa huko akiletewa filamu hizo ataambiwa kwamba adui yumo ndani ya sufuria yake. Hoja ya makala hii ni kwamba historia ya sahani ya Rumonge inasema vingine: afya ya mlaji wa pwani hii imeamuliwa zaidi na vile vilivyopungua au kuondolewa kwenye sahani kuliko na vile vilivyomo.

Sahani yenyewe, ya ugali wa muhogo, maharage, ndagala (dagaa wa ziwani), sombe (majani ya muhogo) na mawese, ni ya zamani. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliikuta michikichi ikikamuliwa mafuta kando ya ziwa hili hili. Wamisionari wa White Fathers walifika Rumonge mwaka 1879, wakaondoka baada ya watatu kati yao kuuawa mwaka 1881, na biashara iliyopita kati ya Ujiji na fukwe za kaskazini ndiyo iliyouachia mji huo Kiswahili chake na misikiti yake. Muhogo ulikuwapo, lakini baada ya njaa ya 1943 na 1944 utawala wa Wabelgiji ulizidi kuwashurutisha wakulima waupande kama akiba ya njaa. Hapo ndipo ilipo siri ya sahani hii. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, kwa hiyo anayekula ugali wa muhogo hutegemea kitoweo kwa kila kitu kingine. Maharage na ndagala huleta protini, na kwa kuwa ndagala huliwa mzima pamoja na mifupa yake, chokaa ya mifupa nayo imo. Sombe lina viini vya vitamini A, ambavyo mwili hauwezi kuvinyonya vizuri pasipo mafuta, na mafuta yenyewe, yakiwa mekundu kama yalivyotoka kwenye mtambo wa kukamulia, yanaongeza viini hivyo hivyo. Hakuna daktari wa lishe aliyeupanga mlo huu, lakini ukiutazama kwa makini unaona kwamba kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Ukiondoa kimoja, mlo mzima unayumba.

Afrika Mashariki ilikutana na filamu za kufundisha afya mapema mno kabla ya Spurlock. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika uliogharimiwa na shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi kama 35, kuhusu kilimo bora, kuweka akiba posta, safura, malaria ya watoto wachanga, na zikapelekwa kuonyeshwa vijijini. Filamu za serikali za kikoloni zilizofuata zilipenda kumweka mjinga anayekosea kando ya mwerevu anayefuata ushauri, na maradhi yakawa malipo ya ujinga. Kwa nini mkulima hana viatu vya kumkinga na minyoo ya safura, hilo halikuwa swali la filamu. Spurlock na wenzake walikuja na ucheshi, muziki na kamera nyepesi, ila yule mwalimu wa Vugiri hakwenda mbali: bado mtazamaji huambiwa kwamba afya yake ni matokeo ya kile alichokichagua yeye mwenyewe. Kwa mtu anayesimama mbele ya rafu za duka kubwa la Chicago maneno hayo yana ukweli mwingi. Kwa mtu ambaye mchana huu hana cha kuchagua ila ugali na maharage, hayamhusu.

Filamu moja ya ukanda wetu ilijaribu njia nyingine. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, ilipigwa Mwanza, na badala ya kumuuliza mlaji amekula nini iliuliza samaki anakwenda wapi. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa yake, yakabaki. Mwaka 2006 filamu hiyo ilishindania Oscar, na mwezi Julai mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani kwa kulichafua jina la Tanzania. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, Sauper akamshitaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 akashinda. Walioipinga hawakukosa hoja kabisa. Habari za silaha ndani ya ndege za minofu filamu ilizidokeza zaidi ya kuzithibitisha, na samaki mmoja alibebeshwa dhambi za uchumi mzima. Hata hivyo swali lake la msingi, kwamba chakula kinachotoka ziwani kinaishia kwenye sahani ya nani, linaifaa pwani ya Burundi kuliko maswali yote ya filamu za Marekani.

Madhara ya kumsaka mshitakiwa mmoja tunayajua, maana mawese yalishapitishwa katika kesi hiyo. Mwaka 1988 mfanyabiashara wa Omaha, Phil Sokolof, aliyekuwa amepata mshituko wa moyo akiwa na miaka 43, alilipia kurasa nzima za magazeti ya Marekani kuyalaani makampuni ya vyakula yaliyotumia mafuta ya nazi na mawese. Alikuwa mtu mkweli, na alishinda: makampuni yaliyatupa mafuta ya nchi za joto. Mahali pake wengi waliweka mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa gesi ya haidrojeni, nayo yakaja kuonekana kuwa mabaya zaidi kwa moyo. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba mafuta hayo hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaitaka dunia nzima iyaondoe. Kwa karibu miaka thelathini basi walaji walihamishwa kutoka kwenye kibaya kidogo kwenda kwenye kibaya kikubwa, kwa sababu kampeni ilijua kumtaja mshitakiwa na haikuuliza nani atakaa kwenye kiti chake.

Atakayepinga atasema: lakini mawese kweli yana mafuta yanayoganda. Ndiyo, karibu nusu yake, na mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kokwa, yanapita asilimia 80. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mawese hupandisha lehemu mbaya yakilinganishwa na mafuta ya mimea yenye mafuta machache ya kuganda. Mkaazi wa Bujumbura anayekaa ofisini kutwa, anayekula chapati, mandazi na viazi vya kukaanga katika mafuta yaliyochemshwa mara kadhaa, anaonywa kwa haki. Onyo hilo hilo, lakini, halihamishiki kwa mtoto wa kijiji cha Nyanza-Lac. Wataalamu wa FAO na WHO wanataka mtu mzima apate angalau asilimia 15 ya nishati yake kutoka kwenye mafuta, na Burundi kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi ambazo mafuta katika mlo ni haba kuliko kwingine kote. Isitoshe, neno mawese linafunika vitu viwili. Mekundu yana viini vya vitamini A, yaliyosafishwa kiwandani yakawa meupe yamevipoteza, na anayeyaunguza jikoni mpaka yapauke anaviua kwa mkono wake mwenyewe. Katika eneo la Kaya, Burkina Faso, watafiti waliyapeleka mawese mekundu mahali ambapo hayakuwa chakula cha kawaida. Baada ya miaka miwili kiwango cha watoto wenye upungufu wa vitamini A kilishuka kutoka takriban asilimia 85 hadi 67. Mafuta yanayomdhuru mmoja yakamfaa mwingine, kwa sababu sahani zao hazifanani.

Sasa turudi kwenye vilivyoondolewa. Aprili 1972 maasi yalianza katika pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wakauawa, kisha jeshi likawaua Wahutu kwa makumi ya maelfu nchi nzima. Waliookoka walivuka kwenda Tanzania, wengi wakaishia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao yaligawiwa watu wengine, na sehemu ikaingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Wakimbizi walipoanza kurejea kwa wingi baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 walikuta michikichi hii ina wenyewe. Tume ya ardhi na mali, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilizisikiliza kesi hizo kwa miaka, na familia nyingi ziliishia kugawana shamba lililokuwa dogo tangu mwanzo. Wapo watakaosema hii ni siasa, haihusu lishe. Inahusu sana. Mwenye michikichi hupika kwanza ndipo auze; asiye nayo hununua kwa vijiko, akishindania mafuta yale yale na mtengeneza sabuni.

Ziwani nako mambo hayakubaki yalivyokuwa. Burundi ina asilimia 8 tu ya Ziwa Tanganyika. Wagiriki wa Usumbura (Bujumbura ya leo) walileta uvuvi wa kibiashara wa nyavu kubwa miaka ya 1950, na baadaye vikaja vyombo vinavyoitwa apollo vyenye taa nyingi za kuvutia ndagala usiku. Juu ya hayo maji yanapata joto. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 1,400, rutuba yake imelala chini, na upepo wa kiangazi ndio unaoichota kuipandisha. Maji ya juu yakiwa na joto zaidi huelea na kukataa kuchanganyika na ya chini. Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria katika jarida la Nature mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo lililoashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Hakuna mlaji wa Kabonga aliyelichagua hilo. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta kwamba watoto 56 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa, na mtoto hadumai kwa kuzidisha mafuta.

Dalili bora kwamba tatizo haliko ndani ya chakula chenyewe inatoka Mvugo, Nyanza-Lac. Kwa miaka mingi ndagala walianikwa mchangani. Mvua ikinyesha wanaoza, kuku na watu wanawakanyaga, na kiasi cha asilimia 15 kilipotea. Kuanzia mwaka 2004 FAO ilifundisha huko kutumia chanja za waya zilizoinuliwa kutoka ardhini. Samaki alikuwa yule yule. Aliacha kuoza, bei yake ikapanda, na wanawake wanaomkausha wakapata kipato bora, ingawa, tuseme ukweli, bei ikipanda asiye na kipato humwona kwa mbali.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ni la watengenezaji filamu wenyewe: filamu isiyo na adui haitazamwi. Super Size Me ilitazamwa na mamilioni, na ni nani atakayekaa saa nzima kusikiliza habari za chanja na hati za mashamba? Lakini Spurlock mwenyewe alikiri mwishoni mwa 2017 kwamba alikuwa mlevi wa miaka mingi, jambo ambalo hakumwambia mtazamaji aliyekuwa akimwonyesha ini lake lililoharibika. Kisa kilicholetwa kama ushahidi wa maabara kikapasuka. Na kuhusu mvuto, mtu aliyekimbia mwaka 1972 akarudi akiwa na mvi kukuta mtu mwingine akikamua mawese ya shamba la baba yake ni kisa kizito kuliko mwezi mzima wa kula mkate na nyama. Burundi haina upungufu wa watu wa kukisimulia: Léonce Ngabo alitoa Gito l'ingrat mwaka 1992, na tamasha la filamu la FESTICAB lipo tangu 2009. Atakayeishika kamera hiyo aanzie shambani na ziwani, na sufuria aifikie mwishoni.